Kushiriki au Kushirikishwa?

Naandika kutoka hapa Fairfield, Sydney. Leo naomba tulijadili neno moja linalotupiga chenga: ushirikishwaji.

Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 8, inasema wananchi watashiriki katika shughuli za serikali yao. Mtenda ni mwananchi. Lakini sikiliza lugha ya mipango na bajeti, hasa tangu Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ilipoingia vijijini miaka ya 2000: mwananchi sasa "anashirikishwa". Wanasarufi mnaona wenyewe. Kiambishi -ish- kimemleta mtu mwingine anayesababisha, kisha -w- kikamgeuza mwananchi kuwa mtendwa. Na huyo mshirikishaji ndiye mwenye kikao, ajenda na kalamu.

Jamani, hili si suala la sarufi tu. Mwaka 2014, wakati wa kampeni ya maabara za sekondari za kata, dada yangu alinipigia simu kutoka kijijini akiomba mchango. Nikamuuliza, "Mmekubaliana?" Akajibu, "Tumeshirikishwa, kaka." Maana yake walitangaziwa kiasi cha kutoa. Nikatuma hela, basi.

Kenya nako, Katiba ya 2010, ibara ya 201, inataka umma ushiriki katika masuala ya fedha za serikali. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikusanyiwa maoni, na kweli baadhi ya mapendekezo, kama kodi ya mkate, yaliondolewa. Hata hivyo vijana waliona hawajasikilizwa. Bunge liliupitisha Juni 25, watu wakauawa barabarani, na siku iliyofuata Rais Ruto akakataa kuutia saini. Kusikilizwa kwa gharama hiyo ni msiba.

Msidhani nawasifia Wazungu. Sheria ya New South Wales inailazimu halmashauri kuiweka rasimu ya bajeti hadharani kwa siku 28 ili watu watoe maoni. Mlango uko wazi, na mimi miaka yote hii sijaandika hata mstari mmoja! Kwa hiyo mlango peke yake hautoshi. Lazima mtu aingie.

Kipimo changu ni chepesi: baada ya wananchi kusema, je, kuna tarakimu hata moja iliyobadilika? Kama hakuna, tusiite ushiriki. Tuite tangazo.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti anikosoe.