Kitabu cha Msusi

Mtu akiniuliza kitabu gani kitamsaidia kuigeuza kazi ya mikono yake kuwa biashara, kwanza humuuliza anatengeneza nini. Akijibu kuwa anasuka ukili, huvuta kiti nikakaa, maana hayo ni mazungumzo marefu. Katika kazi za mikono za pwani yetu, toka Lamu hadi Kilwa, sijui nyingine inayodai akili nyingi kiasi hicho na kulipwa kidogo kiasi hicho.

Mtazame msusi tangu mwanzo. Majani yanayotakiwa ni yale machanga ya mkindu, yaliyo bado yamefumba. Yakishachanua huwa magumu na hayafai tena. Huanikwa juani mpaka ukijani uyatoke, kisha huchanwa kwa ukucha wa dole gumba au kwa ncha ya kisu. Hapo kwenye kuchana ndipo kazi inapoamuliwa. Chane zikipishana upana, ukili utapinda, na ukili uliopinda hakuna mshono unaoweza kuunyoosha. Chane za rangi huchemshwa sufuriani. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa. Siku hizi wengi hununua rangi ya unga dukani, na siri imehamia kwenye kujua maji kiasi gani, moto kiasi gani, na wakati gani wa kuopoa.

Kisha vidole vinaanza. Chane hulowanishwa kidogo zisikatike. Msusi hatazami mikono yake. Anaongea na jirani, anamkanya mtoto, anaitikia hodi, na huku vidole vinahesabu: hii ipite juu ya mbili, iingie chini ya moja, irudi. Chane ikikaribia kwisha anachomeka nyingine bila kusita, na masia yake yanabaki upande wa chini yakingoja kukatwa. Upande wa juu ua linajitokeza. Ukili ukirefuka pima kadhaa anauviringisha na kuuweka kando, akaanza mwingine. Siku ya kushona ndipo inapotoka shazia, na ukingo wa ukili mmoja unaunganishwa na wa mwenzake. Msusi hodari hulivusha ua kwenye mshono bila kulikata. Mimi nikipewa mkeka huanzia hapo: naufuata mstari wa rangi kwa kidole mpaka kwenye mshono, nione kama unaendelea ng'ambo ya pili palepale ulipoachia. Ukiendelea, najua mtu aliyeshona alikuwa na mkeka mzima kichwani kabla hajachana jani la kwanza.

Sasa mpeleke mtu mwenye elimu hiyo kwenye duka la vitabu, umwambie achague cha kumsaidia. Atakuta rafu iliyojaa utajiri. Siri za matajiri, mawazo ya matajiri, namna ya kuamka mapema kama matajiri. Wauza vitabu vya mitumba barabarani pale katikati ya Dar es Salaam nao wanavyo tele. Sivibezi kwa sababu watu wanavipenda. Navikataa kwa sababu havina ukindu ndani. Havisemi malighafi inatoka wapi, kazi inachukua saa ngapi, wala mnunuzi akisema ghali ajibiwe nini. Mtu anavifunga akiwa na moyo mkubwa na mkoba uleule anaouza kwa bei ileile.

Vipo pia vile vya Marekani vilivyoandikwa mahususi kwa wauzaji wa kazi za mikono, ambavyo viliongezeka sana baada ya soko la mtandaoni la Etsy kuanza mwaka 2005. Hivyo vina manufaa ya kweli katika mambo machache: kupiga picha bidhaa kwenye mwanga wa dirisha, kufungasha, kumweleza mteja kitu kimetengenezwaje. Lakini vinachukulia kwamba kila mtu ana anwani ya nyumba na kadi ya benki, na kwamba posta iko hatua mbili kutoka mlangoni. Visomwe, penseli ikiwa mkononi, na kila ukurasa uulizwe: hili kwetu linafanyikaje?

Kitabu ninachokitaja kwanza huwashangaza watu, maana kinakaa kwenye rafu ya fasihi. Ni *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert. Wengi tunamjua Siti kwa nyimbo, binti wa Fumba aliyefika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kabla ya santuri, hata hivyo, kulikuwa na vyungu. Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880, akajifunza ufinyanzi kwa mama yake, na vyungu hivyo vikabebwa kwa miguu hadi mjini Unguja kutafuta mnunuzi. Inasimuliwa kuwa sauti yake ya kunadi ilikuwa inajulikana kabla mwenyewe hajatokea.

Usome wasifu huo kwa jicho la mfanyabiashara na utaona mambo ambayo vitabu vya biashara huyapita mbio. Chungu ni kizito, ni chepesi kuvunjika, na bei yake ni ndogo. Siku ya kwenda mjini si siku ya kufinyanga. Mikono inayofanya kazi na miguu inayotafuta soko ni ya mwili mmoja, na mwili huo huchoka mara moja tu kwa siku. Mwaka 1911 Siti alihamia mjini, na yaliyofuata ni historia ya taarabu. Mimi hurudi kwenye ile njia ya Fumba. Msusi wa leo anayepanda daladala na mikoba ishirini, akashinda juani mpaka alasiri na kurudi na kumi na sita, anatembea njia hiyohiyo. Nauli yake, chakula chake cha mchana na ile siku ambayo hakusuka hata pima moja vyote vimo ndani ya mikoba minne iliyouzwa. Sijaona kitabu chochote cha hesabu kinacholifundisha jambo hili vizuri kuliko maisha ya mwanamke huyo.

Cha pili ni kigumu kukipata na kigumu kukisoma, nami nakipenda kwa moyo wote: *Pioneer Pottery* cha Michael Cardew, kilichotoka mwaka 1969. Cardew alikuwa mfinyanzi wa Kiingereza, mwanafunzi wa Bernard Leach kule St Ives. Mwaka 1942 alikwenda Achimota, katika nchi inayoitwa Ghana leo. Vita vilikuwa vimepunguza bidhaa za kutoka Ulaya, na wakoloni walitaka vyombo na vigae vitengenezwe hukohuko. Kiwanda kikubwa kikajengwa Alajo, na kufikia mwaka 1945 kilikuwa kimefungwa. Cardew hakurudi kwao mara moja. Alikwenda Vume, kando ya mto Volta, akaanza upya na karakana ndogo. Baadaye akaenda Nigeria kuanzisha kituo cha mafunzo cha Abuja, na huko ndiko alikofanya kazi Ladi Kwali, mwanamke aliyekuja kituoni akiwa tayari fundi mkubwa wa mitungi kwa mapokeo ya kwao. Picha yake iko leo kwenye noti ya naira 20. Mkenya wetu Magdalene Odundo, ambaye vyombo vyake vinawekwa katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, naye alipitia Abuja katika miaka ya 1970.

Kitabu cha Cardew kina kemia nyingi ya udongo na mawe. Msusi hataihitaji. Anachokihitaji ni namna ya kufikiri iliyomo humo: kwamba fundi aliye mbali na maduka ya vifaa lazima ajue malighafi yake tangu ilipo ardhini. Basi na sisi tuulize juu ya mkindu. Unaota penye unyevu, mabondeni na kando ya mito. Nani anaukata? Akikata kila chipukizi linalojitokeza, mti unadhoofika, na msimu ujao atalazimika kwenda mbali zaidi. Umbali huo utaingia kwenye bei ya fungu la ukindu sokoni, na msusi ataulipa bila kujua chanzo chake. Kikundi kinachopata oda kubwa kutoka hotelini kikaisherehekea bila kuuliza swali hili kinasherehekea mapema mno. Nimeona oda zikichelewa kwa kukosa majani, wakati vidole vilikuwepo vya kutosha.

Halafu kuna hesabu, na hapa sina aibu kumpeleka mtu kwenye vijitabu visivyo na mapambo. Shirika la Kazi Duniani lina mafunzo ya kuanzisha na kuboresha biashara, yanayojulikana kwa herufi SIYB, na miongozo yake inakwenda taratibu: kununua, kupanga gharama, kutunza kumbukumbu, kuuza. SIDO, shirika letu la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, nalo hufundisha mambo ya jinsi hiyo. Lugha ya miongozo hiyo ni kavu. Lakini humo kuna swali moja linaloweza kubadilisha maisha ya msusi: kazi yako mwenyewe umeiandikia shilingi ngapi?

Tuchukue mfano. Mkoba unauzwa shilingi 15,000. Ukindu umegharimu 3,000, rangi 1,000, mishikio ya ngozi 3,000, nauli 2,000. Zimebaki 6,000, na msusi anaziita faida. Kama mkoba umemchukua siku tatu, saa tano kila siku, basi ni saa kumi na tano za kazi, yaani shilingi 400 kwa saa, na bado hakuna faida hapo hata senti moja. Hayo ni malipo ya kibarua, na kibarua mwenyewe ni yeye. Akitokea mchuuzi akamwambia ampunguzie 3,000 kwa kuwa atachukua mingi, amemwomba nusu ya malipo hayo. Mtu asiyeandika saa zake hawezi kuliona hili. Atakubali, tena atashukuru kwa kupata mteja.

Wasusi wengi niliowauliza juu ya saa hizo hucheka. Husema, ah, mimi nasuka huku napika, nasuka huku naongea, utahesabu nini? Nawaelewa. Ukili una uzuri huo wa kukaa ndani ya maisha, wa kuchukuliwa na kuwekwa chini mtoto akilia. Ila mtu anayelipa haoni sufuria iliyokuwa jikoni. Anaona mkoba, na ndani ya mkoba zimo saa, ziwe zilikatizwa au hazikukatizwa. Kuzihesabu hakuiondolei kazi utu wake. Mimi nadhani kunairudishia. Msusi anayejua kwamba pima moja ya ua gumu inamchukua asubuhi nzima anaweza kumwambia mteja hivyo kwa sauti tulivu, na anaweza kuamua kwamba ua hilo litakuwa la mikeka ya bei ya juu, wakati mikoba ya kila siku itapata ukili mwepesi.

Vitabu hivi vyote vitatafutwa wapi? Shaaban Robert yumo madukani. Maktaba Kuu ya Taifa pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ambayo milango yake ilifunguliwa mwaka 1967, ni mahali pa kukaa na daftari siku nzima, na mkutubi akielezwa unachotafuta husaidia kuliko mtu anavyodhani. Cardew utamwinda mtandaoni au kwa watu wanaosafiri. Miongozo ya SIYB hupatikana kwa wakufunzi wake. Ni jasho kidogo, na linalipa.

Lakini ninachokitaka hasa hakijaandikwa, nami sitaacha kukidai: kitabu cha biashara ya ukili, kwa Kiswahili, kilichosemwa na wasusi wenyewe. Sura zake nazijua. Namna ya kukata mkindu ukabaki hai. Kuchana kwa upana mmoja, na picha za vidole hatua kwa hatua, kwa mikono ya watu wa Pemba, wa Jambiani, wa Siyu, maana hawasuki sawa. Rangi na vipimo vyake. Kushona, na jinsi ya kulivusha ua. Kisha jedwali lenye nafasi tupu za kujaza saa, nauli na bei ya fungu la ukindu, kwa sababu bei zilizochapwa zitapitwa na wakati kabla wino haujakauka. Sura ndefu kuliko zote iwe ya mazungumzo na mnunuzi: mtalii anayetaka kupunguziwa, mchuuzi anayechukua kwa mali kauli, mwenye hoteli anayetaka mikeka mia ifanane kama imetoka kiwandani. Kila mmoja ana jibu lake, na kina bibi walioketi barazani wanayajua majibu hayo. Wamekuwa wakiyatoa kwa mdomo miaka yote.

Kijana mmoja mwenye simu ya kurekodi na subira ya kusikiliza angeweza kuianza kazi hiyo mwaka huu. Kitabu chenyewe kiwe chembamba, cha bei ya madaftari ya shule, karatasi yake istahimili vidole vilivyolowa, na kiuzwe palepale sokoni kwenye meza ya muuza rangi za ukindu.