"Meno kwa siku moja" na kazi ambayo mfupa haujamaliza

Kama unafuatilia kurasa za kliniki za meno mtandaoni, hii video umeshaiona: mtu anaingia asubuhi hana jino hata moja, jioni anatoka anacheka na safu nzima. Chini imeandikwa "meno mapya kwa siku moja". Si uongo. Ila hiyo siku moja ni ya kazi ya daktari. Mfupa una ratiba yake.

Historia kidogo. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mifupa ya sungura, akakuta kifaa chake cha titani kimeng'ang'ania mfupa hakitoki. Mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyevitumia vipandikizi vyake mpaka alipofariki 2006. Lakini Brånemark alikuwa mtu wa subira: alivifunika chini ya fizi miezi 3 hadi 6 kabla ya kuvibebesha meno. Baadaye Paulo Maló na wenzake wa Lisbon wakaonyesha, kwenye utafiti wa taya la chini uliochapishwa 2003, kwamba vipandikizi 4, viwili vya nyuma vikiwa vimeinamishwa, vinaweza kubeba daraja la meno mapema tu baada ya upasuaji. Kilichofupishwa pale ni kusubiri meno. Mfupa haukufupisha kitu.

Sasa tuje kwenye vipeperushi vya kupona. Siku za mwanzo vinazieleza vizuri: mate yenye damu kidogo, barafu shavuni, uvimbe unaopanda mpaka siku ya 2 au ya 3 kisha unashuka, vyakula laini, hata zile herufi s na f zitakazokupiga chenga mpaka ulimi uzoee. Hapo nawapa tano. Kisha vinaruka: wiki mbili zikipita, rudi kwenye shughuli zako, na picha ya tabasamu.

Jamani, hapo ndipo pa kuongea! Siku ya upasuaji kipandikizi kinashikiliwa na mbano tu, kama skrubu kwenye mbao. Halafu mwili unaanza kubomoa mfupa ulioumizwa na kujenga mpya, na kubomoa kunatangulia. Kwa hiyo kati ya wiki ya 2 na ya 4 hivi, ule mshiko wa mwanzo umepungua na mpya bado haujakomaa. Na ndio wiki hizohizo uvimbe umeisha, nyuzi zimetoka, mtu anajiona mzima na anaanza kutamani mahindi ya kuchoma.

Kuna jingine ambalo vipeperushi nilivyosoma havigusi kabisa. Jino la asili limeshikwa na nyuzinyuzi zenye mishipa ya fahamu. Ukiuma kijiwe kwenye wali, unashtuka kabla hujavunja kitu. Kipandikizi hakina hizo. Unauma bila kujua vizuri umetumia nguvu kiasi gani. Na kikicheza zaidi ya kama mikromita 150, yaani unene wa unywele mmoja au miwili, kinaweza kuzungukwa na tishu laini ya kovu badala ya mfupa, pengine bila maumivu yoyote.

Kweli, daraja linasaidia, maana linaviunganisha vipandikizi vikabebana. Lakini lile la siku ya kwanza kwa kawaida ni la akriliki, la muda, na linaweza kupasuka. La kudumu huja miezi kadhaa baadaye (uliza mapema kama limo kwenye bei uliyotajiwa).

Kwa hiyo ugomvi wangu na vipeperushi hivi ni mgawanyo wa nafasi. Ukurasa mzima umepewa siku 3 ambazo maumivu yenyewe yanakukumbusha kuwa makini. Wiki zisizo na ukumbusho wowote zimepewa mstari mmoja. Ningevigeuza. Viandike kwa herufi kubwa kwamba chakula ni kile kinachokatika kwa ubavu wa uma mpaka daktari aseme vinginevyo, hata kama ni miezi 2 au 3. Sigara hapana. Na daraja likicheza hata kidogo, hata kama haliumi, piga simu siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.