Utoto wa Mzee mwenye Kabati

Msomaji aliyempenda mtu fulani katika hadithi hatosheki na ukurasa wa mwisho. Anafunga kitabu, kisha anauliza: mzee huyu alitoka wapi? Alipokuwa mtoto, alikuwa namna gani? Swali hilo si baya. Sisi nasi, tukimpenda padri mzee, twafurahi kukutana na mtu wa kijiji chake anayekumbuka utoto wake. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kujibu vizuri ni jambo lingine. Waandishi wengi wa hadithi za ajabu wamerudi nyuma kuandika utoto wa mtu ambaye wasomaji walikwisha kumpenda, na mara nyingi kitabu cha pili kimepunguza utamu wa kile cha kwanza. Tutazame kitabu kimoja cha namna hiyo, tupate kipimo cha kupimia vingine.

Mwandishi wake ni C. S. Lewis, aliyezaliwa Belfast mwaka 1898, akafundisha Oxford na baadaye Cambridge, akafa mwaka 1963. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1950 alitoa hadithi ambayo kwa Kifaransa yaitwa Le Lion, la Sorcière blanche et l'Armoire magique. Watoto wanne wanaondolewa London wakati wa vita, wanapelekwa shambani katika nyumba kubwa ya profesa mmoja mzee. Lucy, mdogo wao, anaingia katika kabati la nguo na kutokea katika nchi nyingine, Narnia. Anaporudi na kusimulia, ndugu zake hawamsadiki.

Wakubwa wawili wanakwenda kwa profesa, wakidhani atawasaidia kumnyamazisha. Yeye anawauliza maswali tu. Kati ya mtoto huyu na kaka yake anayemkana, ni nani aliyezoea kusema kweli? Je, ana wazimu? Kumtazama tu kwaonyesha kwamba hana. Je, ni mwongo? Wao wenyewe wanakiri kwamba sivyo. Basi, mpaka uje ushuhuda mwingine, yafaa kukubali kwamba asema kweli. Mzee huyo hachukui kurasa nyingi, lakini msomaji hamsahau. Katika nyumba nzima ni mtu mzima mmoja tu anayeheshimu neno la mtoto.

Mwaka 1955 Lewis akatoa utoto wa mzee huyo, kitabu kiitwacho Le Neveu du magicien. Digory ni kijana wa London. Baba yake yuko Uhindi, mama yake ni mgonjwa wa kufa, nao wanakaa kwa mjomba mwenye kujifanya mchawi. Kwa pete za mjomba, Digory na rafiki yake Polly wanafika katika mji uliokufa. Huko kuna kengele, na Digory, kwa hamu ya kujua, anaigonga ingawa Polly anamkataza. Hata anamshika mkono kwa nguvu na kumwumiza. Kengele hiyo inamwamsha malkia mwovu, naye anawafuata mpaka Narnia siku ile ile nchi hiyo inapoumbwa.

Tuanze na lawama. Kitabu hiki kinataka kueleza mno. Katika hadithi ya kwanza kuna taa ya barabarani inayowaka peke yake katikati ya msitu, na uzuri wake ni kwamba hatujui nani aliisimamisha. Sasa twaambiwa ilitoka wapi. Kabati nalo twaambiwa lilitengenezwa kwa mti gani. Si kila fumbo laomba kufumbuliwa. Na kuna lawama kubwa zaidi. Tulimstahi profesa kwa sababu alisadiki neno la shahidi mwaminifu. Sasa twasikia kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuiona Narnia. Je, sifa yake haikupotea? Mtu aliyeona anapata sifa gani akisadiki?

Tulikaa na swali hilo, tukasoma tena hadithi ya kwanza, na mwishowe tumeona kinyume. Profesa angeweza kusema: nyamazeni, mimi nilifika huko. Watoto wangenyamaza kwa kumwogopa mkubwa. Hakusema hivyo. Aliwaachia kazi ya kupima, akawafundisha kumsadiki dada yao kwa sababu wanamjua. Twadhani Lewis hakuwa ameyapanga yote hayo mwaka 1950. Lakini sasa vitabu viwili vimekaa pamoja, na ukimya wa mzee umekuwa ukimya wa mwalimu. Utoto ulioandikwa vizuri ndio huo: haukupi habari mpya tu, wakurudisha kwenye kurasa za zamani uone usichokiona.

Tena Lewis hakumpa Digory utoto wa shujaa. Simba Aslan anamwuliza habari za malkia, naye anajaribu kujificha nyuma ya maneno, mpaka anakiri kosa lake. Kisha anatumwa kuleta tofaa kutoka bustani ya mbali. Malkia anamkuta huko na kumshawishi: liibe, mpelekee mama yako, atapona. Hapo hatusomi tena kwa mchezo. Mama wa Lewis mwenyewe alikufa mwaka 1908, mtoto akiwa na miaka tisa. Digory analipeleka tofaa kwa aliyemtuma, akidhani amempoteza mama yake. Baadaye Aslan anampa tofaa lingine, na mama anapona. Mzee yule tuliyempenda alianzia hapo: kosa, kukiri, na utii ulioumiza.

Wanyanga wa Kivu wanasimulia habari za Mwindo, aliyezaliwa akitembea na kusema. Shujaa huyo hana udhaifu wa utoto. Hata hivyo, baada ya kumwua joka anachukuliwa juu mbinguni, afundishwe adabu. Wazee wetu nao walijua kwamba nguvu peke yake haimkamilishi mtu.

Wakristo wa karne za kwanza nao walitaka kujua utoto wa Bwana wetu. Wengine wakaandika kitabu cha utoto wake kwa jina la Toma: mtoto Yesu anafinyanga shomoro wa udongo na kuwarusha, tena anawaua watoto wanaomkasirisha. Kanisa halikukihesabu kati ya Maandiko. Kinaongeza maajabu bila kutusaidia kumjua Yesu wa Injili. Mtakatifu Luka alichagua tukio moja la miaka kumi na miwili, hekaluni, na baada ya hapo utii wa Nazareti.

Basi twawashauri ndugu mafratri: msome hadithi ya 1950 kwanza, ingawa chapa nyingi za siku hizi zaweka ile ya 1955 mbele. Asiyempenda mzee kwanza, utoto wake utamfaa nini? Na ninyi wakatekista, mnapowasimulia watoto wetu utoto wa watakatifu, msiwape maajabu tu. Mtoto akisikia kwamba mtakatifu hakukosa tangu kuzaliwa, atasema moyoni: njia hiyo si yangu. Msimulieni pia kengele iliyogongwa, na siku ile mwenye kuigonga alipokubali kusema: ni mimi.