Kalamu Moja, Majina Mengi: Suala la Lakabu katika Majibizano ya Kishairi

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, lakabu imezoeleka kuchukuliwa kama pambo tu: mtunzi ana jina alilopewa na wazazi, na ana jina la kalamu. Suala hili huwa zito zaidi pale mtu mmoja anapotumia majina kadhaa katika mjadala mmoja, akauliza kwa jina hili, akajijibu kwa jina lile, kisha akajisifu kwa jina la tatu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba wingi wa majina si kosa peke yake. Linalostahili kuhakikiwa ni uhusiano wa majina hayo na hadhira.

Pwani ya Malindi na Kilifi si ngeni kwa mtu mwenye majina mengi. Mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913 na 1914 alizaliwa akiitwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili, yaani mama yake Katilili, ni jina alilolipata kwa uzazi. Majina hayo mawili hayakumdanganya yeyote, kwani waliomsikiliza walimwona. Ndivyo ilivyo barazani pia: mtu anaweza kuitwa kwa majina matatu, lakini mkeka anaoukalia ni mmoja.

Maandishi ya magazeti yalibadilisha hali hiyo. Katika kurasa za mashairi, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, uso wa mtunzi hauonekani. Kinachobaki ni jina lililo chini ya beti. Hapo ndipo mtu mmoja alipopata uwezo wa kukalia mikeka mingi kwa wakati mmoja.

Uwezo huo unaweza kutumiwa kwa uaminifu. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi? kilichosambazwa kwa siri mwaka 1968. Katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani iliyotokana na kifungo hicho, limo shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo Alii na Badi wanagombania mnazi. Mtunzi ni mmoja, nafsineni ni mbili. Msomaji analifahamu hilo tangu mwanzo kwa kuwa jina la mtunzi liko kwenye jalada. Kwa hiyo hahesabu mashahidi, anapima hoja. Kugawanyika kwa sauti kunamlazimu mtunzi kumpa mpinzani wake maneno yake, na hilo ni zoezi la haki.

Mfano wa mbali zaidi ni wa mshairi Mreno Fernando Pessoa (1888–1935), aliyekulia Durban. Pessoa aliwabuni washairi Alberto Caeiro, Ricardo Reis na Álvaro de Campos, kila mmoja na wasifu, mtindo na imani yake. Wabunifu hao walitofautiana wao kwa wao. Jina jipya kwake lilidai lugha mpya. Tofauti yake na mlaghai iko papo hapo: majina ya mlaghai ni mengi, ila mtindo na hoja ni vile vile, na yote humuunga mkono mtu mmoja.

Uzito wa jambo hili unadhihirika Ngomeni, kaskazini ya Malindi, katika eneo la mashamba ya chumvi. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti ya uchunguzi wa hadhara kuhusu uzalishaji wa chumvi katika eneo hilo, yakiwamo malalamiko ya ardhi. Katika mgogoro wa aina hiyo, mnazi wa Alii na Badi si sitiari tu, na idadi ya wasemao ina thamani. Mnyonge anayeficha jina kwa kuhofia kulipiziwa kisasi bado ni shahidi mmoja. Lakini anayesema kwa majina manne amejihesabu mara nne, na wanne wa kweli wanaosimama mbele yake huonekana kana kwamba wamelingana na mtu mmoja.

Itadaiwa kuwa hoja hupimwa kwa nguvu zake, si kwa jina la msemaji. Dai hili lina ukweli pale hoja inapojitegemea. Hata hivyo, aliyebuni waungaji mkono amekwisha kukiri kwamba hoja yake pekee haikumtosha.

Hivyo basi, mhakiki anapokutana na majibizano yenye saini nyingi, hana budi kuuliza maswali mawili: je, kila jina lina sauti yake? Na je, hadhira imeibiwa hesabu yake? Neno Ngomeni lenyewe limetokana na ngome. Lakabu nayo ni ngome. Aliyejificha ndani yake kwa kuhofia usalama wake anastahili hifadhi. Aliyejificha ili sauti yake moja idhaniwe kuwa ya jeshi zima anastahili kufichuliwa.