Mkono wa Kushoto wa Piano

Wako walimu wenzetu hapa Mwanza wasemao kwamba jazi ni makelele tu, haimfai mtu aliyefundishwa nyimbo za kanisa. Sisi twaona hukumu hiyo imetolewa kabla ya kusikiliza.

Na tutwae santuri tatu za piano: "Carolina Shout" ya James P. Johnson (1921), "Handful of Keys" ya Fats Waller (1929), na "Tea for Two" ya Art Tatum (1933). Katika mbili za kwanza mkono wa kushoto haupumziki: wapiga sauti nene chini, waruka juu kugonga sauti kadhaa pamoja, tena warudi chini, wala haukosi hatua. Ndivyo yashukavyo pamoja majembe ya Wasukuma walimao kwa ngoma. Mkono wa kulia ndio mwimbishaji: hutangulia, huchelewa, hufanya mzaha, kwa kuwa wajua mwenziwe hatauacha mwendo. Tatum, aliyekuwa karibu kipofu, huenda mbio hata msikilizaji adhani wapigaji ni wawili. Lakini twampenda zaidi Waller, maana mbio zake hazifichi wimbo.

Tena Waller, mwanafunzi wa Johnson, alipiga kinanda kanisani tangu utoto. Ibada na furaha hazikugombana mikononi mwake. Bendi zetu zilizojiita Jazz, kama za Tabora na Morogoro, zilitegemea magitaa, lakini sheria ni ile ile: kwanza mwendo, kisha mchezo. Basi mwalimu wa kwaya ausikilize mkono wa kushoto peke yake, mara mbili, ndipo ahukumu.