Ufundi wa Kuandaa Darasa la Shambani

Huko Molo, Elburgon na Mau Narok, katika miinuko ya Bonde la Ufa ambako asubuhi huamka na ukungu na ambako ni nadra kuona boma lisilo na japo kishamba cha viazi, kuna ufundi mmoja ambao watu hunufaika nao bila kuutaja jina, kwa sababu kila unapotendwa vizuri ndivyo mtendaji wake anavyozidi kutoonekana. Nao ni ufundi wa kuandaa mahali pa kujifunzia, yaani kupanga shamba, wakati, watu na maswali kwa tadbiri ya namna ambayo mkulima, akirejea kwake, huwa amekwisha kuyaona kwa macho yake yale ambayo mwalimu mwingine angemtaka ayasadiki kwa masikio tu. Wanenaji fasaha wamesifiwa vya kutosha. Mimi nataka kumsifu huyu asemaye machache, awe ni afisa wa kilimo wa nyanjani au mkulima aliyefunzwa kuwaongoza wenzake.

Na tuitazame habari ya mbegu ya viazi, kwani humo ndimo ufundi huu unapodhihirika. Mkulima wa sehemu hizi, akiisha kuvuna, huuza viazi vikubwa, hula vya wastani, na vile vidogo vilivyosalia huviweka kuwa mbegu ya msimu ujao. Desturi hiyo ina hesabu yake, wala si ya kudharauliwa, lakini ndani yake mna hasara iliyojificha. Maana mmea ulioshikwa na virusi huzaa viazi vidogo, na mtu achaguaye vidogo kutoka katika lundo lililochanganyika huwa, pasipo kujua, anachagua uzao wa mimea migonjwa, msimu baada ya msimu, hata shamba lote likadhoofika naye akaulaumu udongo. Waweza kumweleza mtu jambo hili kwa dakika tano, akakuitikia kwa adabu, kisha akaenda akafanya vile vile alivyofanya baba yake. Na hana kosa, kwa kuwa hakuonyeshwa ithibati yoyote.

Katika miaka ya 2000 wataalamu wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, wakishirikiana na taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na maafisa wa wizara, waliandaa katika nyanda za juu za Kenya mafunzo ambayo hayakuanza kwa maelezo, bali yalianza kwa vijiti. Kikundi huingia shambani viazi vikiwa katika maua, wakati majani yangali mabichi na dalili za maradhi zikiwa bado bayana: hapa jani limejikunja, pale lina mabaka, kule shina limedumaa. Kila mtu huchomeka kijiti kando ya shina analoliona kuwa zima, na wenzake wana ruhusa ya kumpinga. Baada ya wiki kama mbili hurejea, wakaking'oa kijiti kwenye kila shina lililougua baadaye. Siku ya mavuno, mashina yenye vijiti huchimbwa kwanza, moja moja, na viazi vya kila shina vikawekwa mahali pake ili vitazamwe. Na hapo ndipo mtu anapoona kwamba kiazi kidogo kilichotoka kwa mama mwenye afya ni mbegu njema, na kwamba kiazi kidogo si kosa, kosa ni kutomjua mamaye. Msimu wa pili, mbegu hiyo na ile ya desturi hupandwa bega kwa bega, katika udongo ule ule, kwa mbolea ile ile, siku ile ile, na mavuno yakapimwa kwa mizani mbele ya kadamnasi. Katika majaribio yaliyosimamiwa na wakulima wenyewe, ziada ilikuwa kwa wastani kama thuluthi moja ya mavuno, na haikupatikana kwa kununua mbegu mpya wala dawa.

Nalipenda somo hili kwa sababu kila sehemu yake imepangwa na mtu aliyefikiri. Ratiba yake imeandikwa na mmea wenyewe, kwani ukichelewa hata majani yakanyauka kwa uzee, mgonjwa na mzima hufanana. Shaka ya mkulima haikukemewa, ila imepewa msimu mzima wa kujijibu. Visingizio vyote, vya mvua, vya mbolea, vya udongo, vimefungiwa mlango na ule mpaka mmoja uliokata katikati ya shamba. Hata yule aliyeuchora alikuwa amekwisha kufundisha nusu ya somo kabla ya mwanafunzi wa kwanza kufika.

Kuna pia darasa la gilasi, ambalo ni fupi zaidi. Ukikuta kiazi kimenyauka ghafla hali majani yake ni ya kijani, mmoja atasema ni jua, mwingine atasema ni fuko aliyekata mizizi, na wa tatu ataapa kwamba ni maradhi. Mwezeshaji hodari hatoi hukumu. Hukata kipande cha chini cha shina, akakining'iniza ndani ya gilasi ya kioo yenye maji safi, akawaomba wanyamaze na watazame. Na ikiwa ni mnyauko wa bakteria, kabla ya dakika nyingi kupita huanza kuteremka kutoka katika ile sehemu iliyokatwa nyuzi nyembamba nyeupe kama maziwa. Haulizwi tena mtu ni fuko au ni jua. Linaloulizwa, na linaulizwa na wakulima wenyewe, ni maji ya mtaro huu yanakwenda katika shamba la nani.

Kupanga watu kuna uzito kuliko kupanga mimea. Molo na Kuresoi zimeona majirani wakifukuzana na kuuana, mwaka 1992 na tena mwanzoni mwa 2008, na mtu aletaye pamoja wasemao Kikuyu, Kikalenjin na Kigusii ili wachunguze majani ya viazi, anashika kitu kizito mikononi mwake. Kwa hiyo hawaachi wakajigawa wenyewe. Huwachanganya katika vikundi vya watano watano, kila kikundi kikakabidhiwa safu zake na karatasi yake kubwa ya kuchora mmea, wadudu na hali ya udongo, na kazi ya kusimama na kueleza huzunguka kwa zamu, ili asiwe mzee mmoja tu mwenye sauti, na ili mama ambaye ndiye apaliliaye naye asikike. Wakati nao una haki zake: darasa haliitishwi kabla ya ng'ombe kukamuliwa, wala halichukui wasaa hata watoto warudipo kutoka shule wakakuta meko baridi. Shamba lenyewe halichaguliwi la tajiri wa kijiji, kwani hapo kila fanikio litaitwa bahati ya mwenye mali; huchaguliwa la mtu wa wastani, kando ya njia, ambapo wapitao watauliza habari.

Utaratibu huu wa shamba darasa ulizaliwa mbali. Huko Indonesia, dawa za wadudu zilizomwagwa katika mashamba ya mpunga ziliwaua wadudu walinzi, na wale waharibifu wakazidi, hata serikali ikapiga marufuku dawa 57 mwaka 1986. Na kuanzia 1989, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakulima wakakusanywa kila wiki, msimu mzima, wajifunze kuutambua mdudu rafiki na mdudu adui kabla ya kushika bomba la dawa. Kenya iliupokea katikati ya miaka ya 1990. Bonde letu lilikuwa na shule za kilimo zamani, kama ile ya Njoro aliyoianzisha Bwana Egerton mwaka 1939, lakini ile ilianza kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mkulima Mwafrika aliletewa amri zaidi ya masomo.

Njoro hiyo hiyo, katika kituo cha utafiti wa ngano, ufundi huu nimeuona ukitumika kwa wataalamu wenyewe. Mkondo wa kutu ya shina, ugonjwa wa ngano, uliopewa jina la Ug99, kwa kuwa ulipatikana Uganda na kutambuliwa mwaka 1999, ulipoitia dunia hofu, ngano za nchi nyingi zililetwa Njoro zijaribiwe, na wanasayansi nao wakaletwa kujifunza kuisoma kutu kwa jicho. Mashamba huzungushiwa safu za ngano dhaifu, zilizopandwa makusudi ili zishikwe na kutu mapema na kuieneza kwa jirani zake. Kisha kila mwanafunzi hupita peke yake, akaandika kwa kila mstari ni sehemu ngapi za mia za shina zilizoliwa na ni namna gani mmea unavyojikinga, na mwishowe hesabu za wote hulinganishwa. Msomi mwenye shahada ya uzamifu hukuta kwamba jicho lake na la mwenziwe hayakuafikiana, naye hurudi safuni atazame tena. Hakuna mhadhara uwezao kumrudisha mtu kwa upole namna hiyo.

Nikikumbuka hayo, huzuni hunishika nionapo mafunzo ya wakulima yanavyoendeshwa katika kumbi za hoteli mjini Nakuru, madirisha yamefunikwa mapazia ili picha za ukutani zionekane, mkulima ameketi nyuma ya meza akinakili maneno atakayoyasahau, akingoja chai ya saa nne na nauli ya jioni, hali shamba lenye kila alichohitaji kukijua liko mwendo wa saa moja kutoka hapo. Wanaoandaa mikutano hiyo si wavivu. Wamepewa bajeti inayolipia ukumbi, chakula na siku ya kunena, na isiyolipia siku ya kuandaa. Tangu mwaka 2013 kilimo kimekuwa dhamana ya kaunti, na maafisa ni wachache. Wakulima waliohitimu mashamba darasa ndio wanaoweza kuyaendeleza, na wengine wamekwisha kuanza. Basi mimi ningeomba kwamba kila kaunti iandikapo bajeti ya mafunzo, itenge malipo ya siku mbili kabla ya kila darasa, ambazo mwezeshaji, akiwa afisa au mkulima, atazitumia kulikagua shamba safu kwa safu, kulitafuta shina litakalotoa ushahidi ndani ya gilasi, kuuliza ng'ombe hukamuliwa saa ngapi, na kuamua ni nani atakaa na nani.