Dakika Kumi za Sifa, Dakika Tano za Sheria

Tangu mwaka 1938 vijana wa shule za sekondari nchini Marekani wamekuwa na mashindano ya kusema hadharani juu ya Katiba ya nchi yao. Mwenye mashindano hayo ni American Legion, chama cha askari wa zamani kilichoasisiwa Paris mwaka 1919 na wanajeshi wa Kimarekani ambao Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimekwisha lakini wao walikuwa bado hawajarudi makwao. Kijana huanzia kwenye tawi la chama la mahali pake, akishinda hupanda hadi ngazi ya jimbo, na washindi wa majimbo hukutanishwa katika fainali ya taifa. Zawadi zake si kikombe na kupeana mikono tu. Katika miaka ya karibuni mshindi wa kwanza wa taifa amekuwa akipata dola 25,000 za kumlipia masomo ya chuo. Mtoto wa fundi magari anaweza kusomeshwa na ulimi wake.

Mimi nimesimamia midahalo ya shule kwa miaka mingi, na ninayasema haya kwa jicho la mtu aliyezoea kukaa mstari wa mbele na saa mkononi. Kwa hiyo jambo la kwanza lililonivuta katika mashindano haya ni kanuni zake. Mchezo wowote hutambulikana kwa kanuni zake kabla ya wachezaji wake.

Kanuni zinamtaka kijana aseme mara mbili. Mara ya kwanza hutoa hotuba aliyoiandaa nyumbani na kuihifadhi moyoni, isiyopungua dakika 8 wala kuzidi 10. Yapasa ihusu jambo fulani katika Katiba, na mkazo uwe juu ya wajibu wa raia kwa serikali yake. Akipungukiwa au akizidisha muda hukatwa alama. Mara ya pili huzungumza dakika 3 hadi 5 juu ya ibara moja au rekebisho moja la Katiba. Mada za sehemu hii hutangazwa mapema, chache tu, kisha papo hapo ukumbini moja huokotwa kwa kura, na washindani wote huizungumzia hiyo hiyo. Kijana amekwisha kuzisoma zote, lakini hajui ipi itamwangukia. Anapewa dakika chache za kujikusanya, halafu jukwaani.

Niseme mapema kwamba naziona sehemu hizi mbili kuwa ni mashindano mawili tofauti yaliyofungwa kamba moja, na kwamba ile fupi ndiyo yenye thamani.

Hebu tuanze na ile ndefu. Hotuba za namna hii nilizozisoma na kuzisikiliza zina sura ya kindugu, kama watoto wa mama mmoja. Aghalabu huanza na kisa: babu aliyerudi vitani, au mzee aliyeshuka melini bila kujua lugha. Kisha tunapelekwa Philadelphia mwaka 1787, mahali ambapo wajumbe walifungiana katika joto la kiangazi na kutoka na karatasi. Halafu huja mambo matatu, kwa kuwa walimu wa usemaji wa kila nchi wamekubaliana kwamba mambo lazima yawe matatu: piga kura, kaa katika baraza la mahakama unapoitwa, jua Katiba yako. Sauti hushuka, mkono hufunguka, kimya kifupi, kisha sauti hupanda tena na babu wa mwanzo hurejea. Sisi tuliokulia kwenye ngonjera za shule tunaijua sauti hiyo. Mtoto anasema vizuri mno, na huwezi kumwuliza swali lolote, maana hajasema jambo ambalo mtu yeyote angelikataa.

Si kosa la mtoto. Amepewa kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ameambiwa atafute ndani ya Katiba ya Marekani wajibu wa raia kwa serikali, na Katiba hiyo karibu haina kitu hicho. Mtu aisome kutoka mwanzo hadi mwisho (si ndefu, ina ibara kuu saba na marekebisho ishirini na saba) atakuta maneno mengi yanayoifunga serikali mikono na machache sana yanayomwagiza raia afanye nini. Rekebisho la Kwanza halimwambii raia aseme; linaliambia Bunge lisitunge sheria ya kumziba mdomo. Baraza la raia mahakamani limetajwa kama haki ya mshtakiwa. Hata kura, inayotajwa katika kila hotuba kama wajibu, imeandikwa kwa namna ya katazo: isinyimwe kwa sababu ya rangi, ndivyo walivyosema mwaka 1870, isinyimwe kwa sababu ya jinsia, mwaka 1920, asinyimwe mwenye miaka 18 kwa sababu ya umri wake, mwaka 1971. Anayekatazwa kila mara ni dola.

Msomaji wa Tanzania anaweza kushangaa hapa, kwa maana Katiba yetu ya mwaka 1977 ina orodha ya wajibu iliyo wazi, ibara ya 25 hadi ya 28: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulilinda taifa. Kijana wa Dodoma akiambiwa azungumzie wajibu wa raia anafungua ukurasa na kuusoma. Mwenzake wa Ohio hana ukurasa wa kufungua. Basi anajaza nafasi hiyo kwa hisia, na hisia zikikaa mahali pa maandishi kwa dakika kumi matokeo yake ni sifa.

Hapo ndipo mkazo huu wa wajibu unaponitia mashaka. Chama cha askari kinajua wajibu ni nini. Wengi wa wanachama wake waliulipia kwa viungo vyao, wala sitaki kuwadharau. Lakini utii wa askari na uraia wa kikatiba si kitu kimoja, na historia ya chama chenyewe inaonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kugongana. Mwaka 1943, mashindano yakiwa yamekwisha kuanza, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la West Virginia lililohusu watoto wa familia za Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kukataa kuisalimu bendera. Katika shauri hilo American Legion ilipeleka hoja mahakamani kuunga mkono upande wa serikali ya jimbo, yaani watoto walazimishwe. Majaji sita kwa watatu walisema hapana: dola haina mamlaka ya kumlazimisha mtu, hata mtoto wa shule, atamke au aonyeshe kwa ishara imani asiyokuwa nayo. Nchi ilikuwa vitani wakati huo, na bado walisema hapana.

Sasa jiulize, msomaji: katika shauri lile ni nani aliyeitimiza Katiba? Ni mtoto aliyeinua mkono kwa sababu wenzake wote waliinua, au ni yule aliyeushusha na kurudishwa nyumbani? Kanuni za mashindano hazimkatazi kijana kulizungumzia shauri hilo, na haki inanidai niseme hivyo. Haziwafungii mlango hata wageni: mwenye kibali cha ukazi wa kudumu anaruhusiwa kushindana ingawa hajawa raia. Lakini mtoto wa miaka kumi na saba ana pua. Ananusa ukumbi. Anaziona kofia za wazee mbele yake, anaikumbuka ada ya chuo, na anamchagua babu aliyerudi vitani.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa mshindi mmoja aliyetumia hotuba ya aina hiyo kupanda ngazi, kisha maisha yakamlazimisha kuijibu. Frank Church alizaliwa Boise, katika jimbo la Idaho, mwaka 1924. Mwaka 1941, akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliwashinda wote na kuwa bingwa wa taifa; zawadi yake ya dola 4,000 ilimfikisha Chuo Kikuu cha Stanford. Baadaye alikwenda vitani, akasoma sheria, na mwaka 1956 akachaguliwa kuwa seneta, akiwa na umri wa miaka 32 tu. Mwezi wa Julai mwaka 1960 chama chake kilimpa heshima ya kutoa hotuba kuu ya ufunguzi katika mkutano wake mkuu huko Los Angeles. Alijiandaa sana. Hotuba ikaonekana ya maigizo, yenye madoido kupita kiasi. Waandishi wengi waliiponda. Ni ulumbi wa jukwaa la shule uliopelekwa mbele ya watu wazima wenye shughuli zao.

Mwaka huo huo wa 1960, chini ya wiki mbili tu kabla ya mkutano huo, mtu mwingine alisema bila kuwamo katika ratiba. Siku ya uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni, Patrice Lumumba alisimama mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji na kueleza utawala wa kikoloni ulivyokuwa, machoni pa wageni waliotarajia shukrani. Kufika Septemba shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikuwa limekwisha kumtuma mtu Leopoldville akiwa na sumu iliyokusudiwa kumwua. Sumu haikutumika. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na wenye kuzungumza Kiswahili wa huko hawakuhitaji kusimuliwa na gazeti la mbali.

Wamarekani walikuja kuyajua mambo hayo ya sumu kwa ushahidi kamili miaka kumi na tano baada ya kutendeka, na aliyewajulisha ni yule yule kijana wa Boise. Mwaka 1975 Frank Church aliongoza kamati ya Seneti iliyochunguza mashirika ya ujasusi. Rais Ford aliwaomba wasiitoe hadharani ripoti juu ya njama za kuwaua viongozi wa nchi za nje. Waliitoa, Novemba mwaka huo. Jina la Lumumba limo, pamoja na sumu yake. Kamati ilisema pia kwamba haikupata ushahidi kuwa CIA ilihusika moja kwa moja na kifo chenyewe, na uangalifu huo wa kutosema zaidi ya ulichokiona nauheshimu kuliko fasaha yoyote. Mwaka 1980 wapiga kura wa Idaho walimwondoa Church. Alikufa mwaka 1984. Mwaka 2013 nyaraka zilizofunguliwa zilionyesha kwamba wakati wa vita vya Vietnam shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, NSA, lilikuwa likimsikiliza yeye mwenyewe, seneta aliye madarakani, kwa kuwa aliipinga vita hiyo.

Simtaji Church ili nidai kwamba mashindano yalimlea. Huenda yalimlea, huenda yalimpa nauli tu. Ninachokiona ni kwamba kazi iliyompa jina katika historia haikufanana kabisa na hotuba za kushindania zawadi. Ilikuwa kusoma makabrasha, kuuliza nani alisaini, kuangalia neno la sheria linasemaje na afisa alifanya nini, kisha kuyaweka mezani. Wajibu wa raia kwa serikali ukawa ni kuidai hesabu, kazi ambayo hakuna mzee mwenye kofia anayeipigia makofi kwa urahisi.

Na kazi hiyo, kwa udogo wake, ndiyo inayofanyika katika zile dakika tano za mwisho. Ndiyo maana nimesema ndizo zenye thamani. Kura ikishaokotwa babu hana msaada tena. Kijana amebaki na sentensi moja ya Katiba, wakati mwingine kavu kabisa, juu ya kodi au juu ya wanajeshi kulazwa katika nyumba za watu, na anatakiwa aseme ina maana gani, ilitokana na nini, imewahi kumwokoa nani. Sauti hutetemeka kidogo. Mikono iliyofundishwa husahau mafunzo. Wengine hukwama, nao wanakwama kwa sababu wanafikiri, na kufikiri ndiko tulikowaitia. Mwalimu yeyote wa midahalo atakwambia tofauti hiyo inasikika hata ukifumba macho.

Kama ningeulizwa, na sijaulizwa, ningegeuza saa: dakika tano kwa hotuba ya nyumbani, dakika kumi kwa ile ya kura, na baada yake maswali mawili kutoka kwa mtu anayeijua sheria. Zawadi ibaki ile ile. Tungepoteza babu kadhaa na nyimbo za Philadelphia, lakini tungesikia watoto wakiiendea Katiba kama wenye mali wanaoikagua nyumba yao, chumba kwa chumba.

Chukua mfano wa Rekebisho la Nne, linaloizuia serikali kumpekua mtu bila sababu ya haki. Mwaka 1980 huko New Jersey msichana wa miaka 14 alishikwa akidaiwa kuvuta sigara chooni, na mwalimu mkuu msaidizi akaupekua mkoba wake hadi chini. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1985 ikaamua mambo mawili kwa pamoja: kwamba ulinzi wa rekebisho hilo unaingia mpaka ndani ya shule, na kwamba hata hivyo mwalimu hahitaji hati ya hakimu, inatosha awe na shaka yenye msingi. Shaka gani hiyo, yenye msingi gani? Mwulize msemaji wa miaka kumi na sita aliyesimama jukwaani, ambaye begi lake la shule liko nyuma ya pazia, na mwalimu mkuu wake ameketi safu ya pili. Mpe dakika kumi.